Ndoo ya Kumi na Tisa

Hapa Mnyambe hakuna aliyewahi kuniita mchoyo.
Bomba likikauka wiki ya tatu,
mwezi wa kumi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope,
kisima kinachofunguliwa ni changu,
cha saruji, nilichokichimba kwa hela ya korosho
mwaka ule bei ilipopanda,
kinachomeza mvua yote ya bati langu.
Nilisimama na ufunguo shingoni, nikagawa.
Bure. Naapa sikuuza hata lita.
Watoto waliniita Bwana Maji,
nami nikajifanya sisikii
ili warudie.

Nilihesabu tu.
Kwa mkaa, ukutani mwa choo,
kijiti kimoja kwa kila ndoo:
Nangumbi, saba.
Mke wa fundi cherehani, kumi na moja.
Somoe Chilumba, kumi na nane.
Sikuwa na nia ya kudai.
Nilitaka tu, mtu akitaja maji,
anitaje.

Na kila aliyechota nilimpa na hadithi yake:
nilivyochimba, nilivyopondeka kidole hiki, tazama,
nilivyolala njaa ili nimalizie saruji,
nilivyowaza mbali wenzangu wakicheza bao.
Walinisikiliza wakiwa wameshajitwisha.
Maji yaliwadondokea shingoni, yakashuka mgongoni,
kanga zikawaganda,
wala sikuona,
nilikuwa ndiyo kwanza nafika penye utamu.

Somoe alikuja alfajiri, kabla ya jogoo wa pili.
Kitambaa kichwani amekifunga kinyumenyume.
Akasema, "Jirani, naomba ndoo moja."
Nikasema, "Unajua kisima hiki nilivyokipata?"
Alikuwa anajua. Alishaambiwa mara kumi na nane.
Akasimama na ndoo yake kichwani,
nikaanzia kwenye jembe,
nikapita kwenye kidole,
nikakaa sana kwenye saruji.
Midomo yake ilikuwa inatetemeka.
Nikadhani ni baridi. Hapana, nisidanganye,
sikudhani kitu.
Nilipomaliza akasema, "Ahsante, Bwana Maji,"
akaondoka polepole, asimwage.

Sijamaliza kuchora kijiti
kipaza sauti cha msikiti kikakohoa,
kikataja jina la mama yake.

Ndoo ile ilikuwa ya kumwoshea.

Mwezi mzima nilisikia kikohozi nyuma ya ua
na nilichokijua juu ya kikohozi hicho
ni kwamba kilinikatiza usingizi.

Msibani nilienda, tena nilikaa mkekani mbele.
Watu walimsifu marehemu, ususi wake wa ukili,
mihogo aliyowapikia wanafunzi wa njaa.
Nami, Mungu anisamehe,
nilikuwa nangoja mmoja wao aseme
maji yale yalitoka wapi.

Hakusema mtu.
Nikarudi nyumbani nimenuna.
Niliponawa uso kwenye karai
nikaona sura iliyojaza karai zima, ukingo kwa ukingo,
hata mbingu haikupata pa kukaa.

Mke wangu, asiyekuwa na maneno mengi,
aliniambia usiku ule akipanga vyombo:
"Mkono wako uko wazi, baba Hamisi.
Ila kila unachotoa kina kamba,
na kamba umeifunga kiunoni mwako."

Basi nimefuta vijiti. Kufuli nimempa Nangumbi.
Nikaanza kujifunza swali moja dogo,
nalirudia njiani kama mtoto aliyetumwa chumvi:
Na wewe? Na wewe? Na wewe?

Jana nilimkuta Somoe kwenye mizani ya chama,
kila mmoja na gunia lake la korosho.
Nikamsogelea. Nilikuwa nimejiandaa.
Nikafungua mdomo,
nikajisikia nasema:
"Somoe, tangu siku ile, mimi, yaani mimi,
sipati usingizi."

Akaweka gunia lake chini.
Akanyoosha shingo, kama mtu aliyetwishwa,
akasimama,
akanisikiliza.